Tumba Chini ya Kawa

Munchen, 18 Aprili 1911

Kwa binti yangu Ummu, tunda la moyo wangu, huko Amu.

Salamu zangu zitangulie mbele ya karatasi hii, zikukute u mzima wa mwili na wa akili, wewe na mama yako na ami yako Gharib na jirani zetu wote. Ukiniuliza mimi, sijambo. Baridi ya nti hii imenila magoti, lakini sasa inaondoka, na wanafunzi wangu, wale mabwana wa Kidachi wanaojifunza Kiswahili ili wende Tanga, wameanza kusema "shikamoo" bila kunitemea mate.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mtoto asiyeweza hata kumwambia mgeni "karibu," kumbe akishika kalamu husema kama kadhi! Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni lako: nitarudi lini. La pili si lako. Uliliandika mama yako amekusimamia begani, naijua sauti yake hata ikivaa hati ya mtu mwingine: kwamba huu ni mwaka wa tatu, kwamba hana mume wala si mjane, kwamba anataka talaka yake.

Sasa sikiliza. Juma lililopita bwana ninayemfanyia kazi alinichukua milimani. Huko juu kuna ua waliitalo enziani. Mmea wenyewe ni mfupi, haupiti urefu wa kidole. Majani yamejibana chini kama watoto waliofunikwa shuka moja. Huishi miaka mingi pale pale ulipo. Ua lake ni kubwa kuliko shina, mfano wa kikombe, na buluu yake hata nili ya Wahindi haioni ndani. Nimechimba kishina kimoja na udongo wake, nimekitia koponi. Anakuja nacho nduguye Bibi Hana, yule mke wa mfanyabiashara wa Kidachi anayekufundisha kusoma na kutarizi.

Mpe mama yako. Na barua hii isomwe mbele ya ami yako Gharib na jirani yetu Mselem, wapate kuwa mashahidi: siku ua hili litakapofunguka ndani ya nyumba yangu na mimi sijarudi, Rahima binti Jamaludin ameachwa talaka tatu. Kabla ya siku hiyo ni mke wangu, na asinisumbue tena.

Anataka talaka? Na ailime.

Wewe usilie. Sharti lina pande mbili. Nikirudi kwanza, hakuna talaka wala hakuna kilio.

Mzazi wako,
Baba Abdulkadir


Amu, 6 Mfunguo Tisa 1329 (Juni 4, kwa hesabu ya huko)

Kwa baba yangu mpenzi.

Shikamoo baba, na baada ya kuishika miguu yako kwa mbali nakuuliza magoti: umeyapaka mafuta ya nyonyo? Sisi hatujambo, ila jino la mama na paa la chumba cha juu, vyote viwili vinavuja.

Kopo limefika siku nane leo. Nduguye Bibi Hana anasema njia nzima alimwomba mpishi wa meli aliweke pamoja na mboga katika chumba cha barafu, na mpishi akamwambia, "Bwana, hata mke wangu simtunzi hivi." Tulipolifungua, majani yalikuwa mabichi.

Barua yako ameisoma ami Gharib ukumbini, Bwana Mselem amekaa kando yake, mama na mimi tuko nyuma ya pazia. Alipofika "na ailime" ami alitafuna tambuu. Mama akacheka. Baba, alicheka kweli. Akasema, "Bwana Gharib, nduguyo hatimaye amenipa shamba! Na jembe je, amelituma?"

Ami akasema, "Rahima, hii ni sharia, si mzaha."

"Mzaha ni wake. Mimi nauliza jembe."

Bwana Mselem, unajua alivyo, akakohoa, akasema, "Sharti ni sharti. Lakini ushahidi ni kwa mato, si kwa habari. Likitaka kufunguka, tuitwe wanaume wawili tuone. Asije mtu akatuonyesha ua lililokwisha kunyauka akasema lilifunguka jana."

Tangu hapo mama hana kazi nyingine. Bibi Hana alikuja akatwambia mmea huu huko kwao hukaa juu ya mawe meupe, kwa hiyo chokaa ya kwetu haitaukera. Adui yake ni joto. Basi mama amebomoa plasta ya zamani ya chumba cha juu, akaitwanga, akaichanganya na mchanga wa Shela na majani yaliyooza. Ameuchukua ule mtungi wetu wa maji unaotoa jasho, akamwita fundi akaukata mdomo uwe mpana, na ndimo alimoupanda. Mtungi umekaa ndani ya sinia kubwa la maji, na katika maji hutia shura, ile chumvi ya baruti, kwa kuwa Mhindi wa dukani kasema shura ikiyeyuka maji hupoa. Ni kweli, baba. Ukitia mkono unashtuka. Ameuweka kiwandani, pale kati ya nyumba palipo wazi juu, upande usiopigwa na jua. Maji ya kuunywesha hununuliwa kwa wachukuzi wa Shela, matamu. Sisi tunakunywa ya kisima.

Sasa nikwambie jambo ambalo kwa mdomo nisingaliweza. Bwana Mohdhar mshona kofia, yule aliyemchumbia mama kabla yako, mkewe alikufa mwaka jana. Amemletea ami Gharib neno la heshima: Rahima akiachika, eda ikiisha, atamwoa siku hiyo hiyo. Mama ameanza kujifukiza udi siku zisizo za sikukuu. Bwana Mohdhar hajanitenda ubaya wowote. Akipita barazani na mimi nikiwa dirishani huinamisha macho. Simpendi. Nakitazama kivuli chake kikipita nasema moyoni, anguka.

Na jingine. Jana mama alipokuwa akinyunyiza maji aliona kitu kati ya majani, kimechongoka, kimejisokota kama mwavuli uliofungwa. Alikaa chini ghafla, akanambia, "Ummu, njoo utizame. Mimi mato yangu yananidanganya?" Hayakumdanganya. Ni tumba la ua.

Baba, njoo. Andika njiani ukiwa melini, usingoje kuandika hapo. Umesema sharti lina pande mbili. Mimi niko upande wako.

Mwanao,
Ummu


Amu, 28 Mfunguo Tisa 1329

Baba yangu mpenzi, shikamoo.

Najua hujapata hata ile barua ya kwanza. Nakuandikia hii juu yake kwa sababu siwezi kulala na maneno haya. Mama hajambo, anakula kidogo. Ami hajambo. Mimi, sijui niseme nini.

Nimelikata.

Tumba lilikua kwa siku kumi na nane. Jumatano lilionyesha buluu kwenye ncha, kama sindano iliyochovywa wino. Mama akamwita Bibi Hana, naye akasema hilo liko tayari, linangoja jua tu: huko kwao maua haya hufunguka yakipigwa na jua, na wingu likipita hujifunga. "Litoe juani," akasema, "kabla ya adhuhuri utaliona."

Mama akajibu, "Litoe nani alione? Mimi na wewe? Wanawake wawili, mmoja wao Mkristo!"

Akafikiri, akasema Ijumaa. Ijumaa wanaume wote huwapo mjini, na ami na Bwana Mselem wangepitia kwetu wakitoka msikitini, macho yao yote manne yana udhu. Basi akalifunika kawa, hili hili kawa la kufunikia sinia la pilau, lisione jua kabla ya mashahidi. Siku mbili tumba lilikaa gizani. Angaliutoa mtungi juani hiyo Alhamisi, lingalikwisha kufunguka, na mimi nisingalikuwa na la kufanya.

Ijumaa adhana ya adhuhuri ilipolia, mama aliingia chumbani kuvaa. Alivaa ile nguo ya hariri ya zambarau. Nilikuwa peke yangu kiwandani na lile kawa. Nilikuwa nimehesabu siku: barua yangu bado iko baharini, na wewe huko unakunywa chai, hujui kwamba mke wako anakutoka leo baada ya khutba. Nikasema, mtu huyu hana mtetezi. Nikainua kawa. Lilikuwa zuri, baba. Nilidhani litakuwa gumu kukatika, lakini lilikubali kwa kucha mbili. Sikujua nilitupe wapi, nikalitia mdomoni, nikameza. Ni chungu kuliko mwarobaini. Kawa nikalirudisha.

Walikuja. Bwana Mohdhar alibaki nje barazani, hakuingia, lakini sote tulijua yuko pale. Mama akaubeba mtungi mwenyewe mpaka palipokuwa na jua, akiwa na buibui lake, akasema nyuma ya buibui, "Tizameni." Akaondoa kawa.

Palikuwa na kijiti tu.

Ami Gharib akasema, "Rahima, watufanyia mchezo?"

Bwana Mselem akasema, "Huenda ni mjusi."

"Mjusi gani akatae nzi ale maua?" ami akasema. "Hiki kimekatwa kwa kucha, utomvu bado mbichi." Akatutazama mama na mimi, mmoja baada ya mwingine.

Mimi nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Neno lilifika hapa kooni likakaa, kama kawaida yangu. Mama naye akanitazama, muda wa kupepesa jicho, akasema, "Nimelikata mimi."

Ami akastaajabu. "Wewe? Na huyo uliyemkalisha nje juani?"

"Nimelikata mimi, Bwana Gharib. Nimebadili nia."

Tulisikia viatu barazani, vinaondoka. Havikukimbia.

Baba, mimi sielewi kwa nini amesema hivyo. Nimefikiri siku tatu. Labda moyoni mwake bado anakutaka, na alipokiona kile kijiti alifurahi. Labda sote wawili tunakungoja wewe. Kama ni hivyo, nimetenda jema, sivyo? Niambie nimetenda jema. Tangu Ijumaa hajaniuliza lolote. Amenipikia kaimati, naye hupika kaimati nikiwa mgonjwa tu.

Njoo upesi.

Mwanao mtiifu,
Ummu


Munchen, 9 Agosti 1911

Kwa shujaa wangu Ummu.

Salamu kwa wingi wa nyota, na wewe uwe katikati yake. Barua zako mbili zimefika siku mbalimbali za juma moja. Ya kwanza ilinikosesha chakula. Ya pili nimecheka mpaka mwenye nyumba akabisha mlango.

Umetenda jema! Umefanya kazi ya wanaume kumi. Na kumeza, kumeza kabisa! Hilo nisingaliliwaza hata mimi.

Kwa kuwa umekuwa mtu mzima, nami nitakwambia ya watu wazima. Kile kishina sikukitarajia kifike hai. Hata kama kingefika, watu wa huku walinambia ua hili halitoki katika nti za joto: lazima lilaliwe na theluji miezi mitatu minne, ndipo litunge tumba. Hapo ndipo nilipolipendea. Kumbe hilo moja lilikuwa limekwisha kutungwa chini ya theluji kabla sijakichimba kishina, kikaja nalo tumboni. Ulilokata ndilo la kwanza na la mwisho. Mama yako na aendelee kuumwagia maji mmea wake mpaka Kiyama, atapata majani.

Kurudi, sahau. Hapa nina nyumba, na mke wa hapa, na mtoto wa kiume ameanza kusimama. Utasema, basi kwa nini usimwache mama yetu kwa heri? Siku ya arusi yangu Mohdhar alisimama sokoni, mbele ya watu, akasema, "Abdulkadir nimemwazima tu. Kitu cha kuazima hurudi kwa mwenyewe." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na vazi la bwana arusi nikacheka nao. Miaka kumi na sita sijaacha kukisikia kile kicheko. Hatampata.

Siri hii ni yangu na yako. Ukimwambia mama yako, utakuwa umejishtaki mwenyewe kwanza. Ami yako nimemwandikia barua yake, ndani yake mna jambo la heri lako. Subiri, yeye atakwambia.

Kula vizuri.

Mzazi wako akupendaye,
Baba


Amu, 15 Mfunguo Mosi 1329

Baba, shikamoo.

Tumefunga thelathini na tumefuturu salama. Idi imepita. Mama hajambo. Mtoto wako wa kiume natumai hajambo.

Jambo la heri ami amelisema siku ya pili ya Idi. Ameleta barua yako akaisoma: kwamba wewe ni walii wangu, kwamba umemfanya yeye wakili wako, kwamba unaniozesha kwa Bwana Mohdhar.

Mwanzo sikufahamu. Nilidhani ami amekosea jina. Kisha nikakumbuka niliyoyasoma katika chuo cha Kurani, na wewe ndiye uliyenisomesha kabla ya kuondoka: mwanamume akifunga ndoa na binti, mama wa binti humharimikia maisha, hata binti akiachwa kesho yake. Hukumu hiyo haina dawa. Mama akiachwa leo, akifiwa, akizeeka, Bwana Mohdhar ni mkwe wake tu mpaka kaburini. Ndiyo heri yangu hiyo.

Nyuma ya pazia mama aliuliza swali moja. "Mohdhar mwenyewe amekubali?"

"Kabla sijamaliza kusema," ami akajibu. "Alinambia, 'Yule amelikata kwa mkono wake huku mimi nimesimama jua la saa saba. Nipe binti. Nipe hata paka wa nyumba hiyo, Rahima apate kuniona nikiingia.'"

Mama akasema, "Haya." Kisha akaenda kuunywesha mmea.

Baba, hili ndilo linaloniua. Tangu mwezi wa Ramadhani, barua yako ilipofika, najua kwamba mmea ule hautatoa kitu. Na yeye hajui. Kila asubuhi anaubadilishia shura. Amefunga Ramadhani kiu imemkauka midomo, na yale maji matamu anayamimina mtungini kijiko kwa kijiko, huku anayapuliza majani vumbi. Kaskazi imeanza kunusa, joto linapanda, amening'iniza majamvi mabichi pande zote ili upepo uwe baridi. Jirani wamempa jina, wanamwita Mama Mboga. Ananiambia, "Limetoka moja, litatoka jingine. Mara hii sitangoja mtu." Na mimi namshikia ndoo! Nashika ndoo, namwambia ndiyo mama.

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Mara ya tatu nilifika mpaka "Mama, lile tumba," akageuka akanambia, "Chukua ufagio," nikachukua ufagio.

Sikuombi urudi tena. Nakuomba jambo moja dogo. Mwandikie ami kwamba umebadili nia. Mimi nitakaa bila kuolewa, nitakuandikia kila mwezi, nitamfundisha mtoto wako Kiswahili kwa barua. Arusi ni kumi la mwisho la Mfunguo Tatu. Ukijibu siku utakayopata hii, jibu litafika kabla. Kama huwezi kwa ajili ya mama, nifanyie kwa lile nililolimeza. Nilikuwa mtetezi wako, baba, huna mwingine mji mzima.

Mwanao,
Ummu


Munchen, 14 Novemba 1911

Ummu, salamu.

Mtoto wangu ana homa na sina wakati. Mohdhar ana nyumba ya mawe, ana kazi ya mikono, na umri wake si haba. Wasichana wangapi wanapata?

Hutaulizwa mengi. Ami yako atasimama nyuma ya pazia na mashahidi wawili, atakuuliza kama umeridhia. Idhini ya bikira ni kimya chake, na wewe Mungu amekujaalia kimya cha kutosha mji mzima. Kaa nacho.

Baba


Amu, 9 Mfunguo Nne 1330

Kwa Abdulkadir bin Obeid.

Hali zetu ni hivi. Paa la chumba cha juu limetiwa boriti mpya. Jino la mama limeng'olewa. Mmea umekufa. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya arusi.

Mmea ulianza kuoza shingoni, pale jani linapokutana na mzizi, ukawa mweusi na ute kama bamia iliyolala. Mama aliuchomoa, akauosha mizizi, akaupanda tena katika chokaa mpya. Siku nne ukasimama. Ya tano nilimkuta ameketi kando ya sinia, mkono ndani ya maji ya shura, umekuwa mweupe kwa baridi. Akaniambia, "Nilifikiri kama mimi naweza kuustahimili ubaridi huu, na wenyewe utaweza." Akaumwaga wote, mtungi na udongo, chini ya mkomamanga wa jirani.

Hapo nilimwambia. Si kwa mdomo. Nilimwandikia karatasi, nikaiweka juu ya mto wake: kwamba ni mimi niliyekata, na yote uliyoniandikia kuhusu theluji. Mama husoma polepole kwa kidole. Alipomaliza akaniita.

"Ile habari ya theluji ndiyo sikuijua," akasema. "Hii nyingine niliijua siku ile ile. Midomo yako ilikuwa buluu, Ummu. Kama mtoto aliyelamba wino."

Nikamuuliza kwa nini basi alisema ni yeye.

"Ami yako alikuwa anakutizama midomo. Ningefanyaje? Wangesema mtoto huyu amekula talaka ya mamake. Nani angekuchumbia na jina hilo? Langu limekwisha kuchakaa. Lako lilikuwa bado kuvaliwa." Akaikunja karatasi, akaitia katika moto wa jiko. "Nilidhani Mohdhar atanijua. Nilidhani akisikia neno lile atasema, hapana, Rahima hafanyi hivi. Nikasema, nitamweleza kesho. Kesho hakupita tena barazani."

Nikamwambia nitalisema siku ya arusi, mbele ya wote. Akasema tu, "Lala."

Siku ilipofika nilikaa kitandani, nimepakwa hina mpaka viwikoni, kanga ya kichwa imenishuka machoni. Mama amekaa kando yangu, mkono wake begani mwangu. Nyuma ya pazia ni ami na Bwana Mselem na mzee mmoja wa msikitini. Ami akakohoa.

"Ummu binti Abdulkadir, walii wako amenipa uwakili nikuozeshe kwa Mohdhar bin Famau. Umeridhia?"

Nilinyamaza. Nilikuwa nalitafuta lile neno.

"Ummu binti Abdulkadir, umeridhia?"

Lilikuja. Nalisikia mpaka sasa lilivyopanda. Mara ya tatu ami hajamaliza jina langu, nikasema, kwa sauti, sauti yangu mwenyewe, "Ami, mimi ndiye niliye..."

Mama akaniziba mdomo. Kwa kiganja kizima, kwa nguvu, kichwa changu kikagonga nguzo ya kitanda. Alikuwa ananinong'oneza sikioni, "Walii wako atakuozesha useme usiseme. Utaolewa naye, na aibu juu yake. Nyamaza, mwanangu. Nyamaza, nyamaza."

Ami akauliza, "Amesema nini?"

"Amekohoa," mama akajibu.

"Basi ni kimya?"

"Ni kimya."

Wakasoma Fatiha.

Baada ya alasiri bwana arusi aliletwa na vigelegele. Mama ndiye aliyesimama mlangoni na chetezo cha udi, kwa kuwa mimi sina shangazi wala bibi wa kufanya hivyo. Bwana Mohdhar alipofika mbele yake alisimama. Nilimwona kwa chini ya kanga. Mwezi mzima alikuwa akijigamba kwa siku hii, aingie aonekane akiingia, na sasa uso ulikuwa kama wa mtu aliyesahau alichokifuata. Hapakuwa na buibui kati yao wala pazia, kwa kuwa tangu adhuhuri ni mkwe na mkwewe, hakuna haramu tena. Akanyoosha mkono. Miaka yote ile ya kumtaka hakuwahi kuugusa mkono huo, na sasa ni halali. Akaushika, akainama, akaubusu kama wabusiwavyo wazazi.

"Shikamoo, mama."

Chetezo hakikutikisika.

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Pita. Mkeo yu ndani."

Ummu